Kumeza, kusema na kuinua bega: kazi za neva nne za mwisho za kichwa

Katika jozi 12 za neva za kichwa, nne za mwisho ndizo zinazopimwa kwa haraka kuliko zote, na mara nyingine hazipimwi kabisa. Mganga humulika macho ya mgonjwa, humwambia atabasamu na afumbe macho, kisha huhamia kwenye mikono na miguu. Koo, sauti, ulimi na bega hubaki nyuma. Kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu neva hizo nne ndizo zinazolinda mahali penye hatari kuliko pengine mwilini, yaani pale nyuma ya ulimi ambapo njia ya hewa na njia ya chakula hupishana. Aidha, kuzipima hakuhitaji mashine. Tabibu wa zahanati ya kisiwani Ukerewe, ambaye mgonjwa wake atalazimika kuvuka maji kabla ya kufika Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza, Tanzania, anaweza kuzipima kwa tochi, kijiko cha maji safi na sikio lenye usikivu, na akishazipima atakuwa anajua mambo mengi kuhusu mahali ugonjwa ulipo.

Neva hizi huhesabiwa kuanzia mbele ya ubongo kwenda nyuma. Ya tisa huitwa glosofarinjia, ya kumi vagasi, ya kumi na moja aksesori, na ya kumi na mbili haipoglosa. Wataalamu wa kale walishindwa kuzitenganisha. Galen, tabibu Mgiriki wa dola ya Kirumi, alihesabu jozi saba tu na akaziweka ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja katika jozi moja. Mwaka 1664 Mwingereza Thomas Willis alifikisha jozi tisa, na bado zile tatu zilikuwa pamoja. Ni Mjerumani Samuel Thomas Sömmerring, mwaka 1778, aliyetoa hesabu ya 12 tunayoitumia hadi leo. Kuchanganyikiwa kwao kunaeleweka, kwa maana neva hizo tatu hutoka kwenye fuvu kupitia tundu moja, zikiwa zimebanana na mshipa mkubwa wa damu unaoitwa jugula. Ya kumi na mbili ina tundu lake dogo jirani na hapo. Zote hutoka katika medula, ambayo ni sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo, isipokuwa nyuzi kuu za ile ya kumi na moja, ambazo huanzia kwenye uti wa mgongo wa shingoni, hupanda hadi ndani ya fuvu kupitia tundu kubwa la chini, kisha hutoka tena pamoja na wenzake. Ujirani huu ukumbukwe, kwa sababu uvimbe mmoja mdogo katika eneo hilo unaweza kuzigusa zote kwa pamoja.

Neva ya tisa ni ya hisia zaidi kuliko ya mwendo. Hupeleka kwenye ubongo ladha na hisia za theluthi ya nyuma ya ulimi, hisia za mafindofindo na koromeo, na pia za sikio la kati. Ndiyo maana mtoto mwenye mafindofindo hulalamika kwamba sikio linamuuma ilhali sikio lenyewe ni zima. Kwa mtu mzima jambo hilo halipaswi kupuuzwa: maumivu ya sikio yasiyoonyesha kasoro yoyote sikioni, hasa yakidumu, yanadai koo na shina la ulimi vichunguzwe, kwa kuwa saratani ya sehemu hizo inaweza kujitambulisha kwa njia hiyo. Mwiba wa sato uliokwama nyuma ya ulimi nao huhisiwa kupitia neva hii, na hapa niseme wazi kwamba ile desturi ya kumeza tonge kubwa la ugali ili kuusukuma mwiba haifai, kwa sababu mwiba unaweza kuzama zaidi ndani ya nyama ya koo au ukaenda kukwama kwenye umio, yaani njia ya chakula iendayo tumboni, mahali ambapo kuutoa ni kazi ngumu zaidi. Neva hiyohiyo huiamuru tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio, na hupeleka habari za shinikizo la damu kutoka kwenye mshipa mkubwa wa shingoni.

Kazi ya kumeza ndiyo inayoonyesha jinsi neva hizi zinavyotegemeana. Mtu anapotafuna hatua zote ziko chini ya hiari yake, lakini tonge linapogusa nyuma ya ulimi hiari huisha. Neva ya tisa na ya kumi hupeleka taarifa kwenye medula, na amri hurudi kwa mpangilio usiobadilika. Ulimi, ambao uko chini ya neva ya kumi na mbili, husukuma tonge nyuma. Kaakaa laini huinuka na kuziba njia ya pua. Zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho juu ya njia ya hewa, hupanda juu na mbele, kifuniko chake huinama, nyuzi za sauti hufungana, pumzi husimama kwa muda mfupi, na mlango wa umio hufunguka. Nyingi kati ya hatua hizo huamriwa na neva ya kumi, na hatua ya koromeoni yote huchukua takriban sekunde moja. Sisi hatuioni kazi hiyo, kwa sababu hufanyika mamia ya mara kwa siku, hata usingizini tunapomeza mate.

Mpangilio huo ukivurugika, dalili huonyesha hatua iliyoharibika. Maji yakirudi puani na sauti ikawa ya puani, kaakaa halipandi. Dalili hiyo ilijulikana sana enzi za dondakoo, kwa kuwa sumu ya vimelea vyake hupenda kupooza kaakaa wiki chache baada ya koo kuuma, na chanjo za watoto ndizo zilizoifanya iwe nadra. Mgonjwa akipaliwa kila anapokunywa, nyuzi za sauti hazifungi kwa wakati au zoloto halipandi vya kutosha. Sauti ikiwa na majimaji baada ya kumeza, kana kwamba kuna mate yanayochemka kooni, kimiminika kimebaki juu ya zoloto na kinangoja kuingia mapafuni.

Ili kuona kaakaa likifanya kazi, mgonjwa huambiwa afungue kinywa na kusema "aaa" huku akimulikwa. Kaakaa linapaswa kupanda sawa pande zote mbili, na kimeo kibaki katikati. Upande mmoja ukipooza, upande mzima hukivuta kimeo kuelekea kwake. Kwa hiyo kimeo ni alama yenye manufaa kwa mpimaji. Nalisema hili kwa sababu katika Kanda ya Ziwa, kama katika sehemu nyingine za nchi yetu, bado wapo watoto wanaokatwa kimeo na mafundi wa mitaani kwa imani kwamba ndicho kinacholeta kikohozi kisichoisha. Kikohozi cha namna hiyo kina sababu zake, zikiwemo pumu na kifua kikuu, na kimeo hakimo miongoni mwa sababu hizo kwa kawaida. Kukikata kwa wembe kunaweza kuleta kutokwa damu kusikokoma, maambukizi na hata pepopunda, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea bila tiba.

Mahali ambapo ujuzi huu unaokoa watu wengi zaidi ni kando ya kitanda cha mgonjwa wa kiharusi. Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida ya kumeza katika siku za mwanzo, na wengi wanaofariki katika wiki za mwanzo huuawa na nimonia inayosababishwa na chakula, maji au mate yaliyoingia mapafuni. Ndugu wanaouguza hufika hospitalini alfajiri na chupa ya chai na uji, wakisukumwa na upendo na hofu kwamba mgonjwa wao atadhoofika kwa njaa, na mgonjwa hunyweshwa akiwa amelala chali. Upendo huo unahitaji kupewa utaratibu. Kabla ya kumpa mgonjwa chochote kinywani, iwe chakula, maji au vidonge, muuguzi au mganga apime kama anameza salama. Mgonjwa awe macho, aketi wima, apewe kijiko kimoja cha maji, asubiriwe, kisha aambiwe aseme neno. Akipita vijiko kadhaa bila kukohoa, bila kubadilika sauti na bila kuhema kwa shida, apewe kiasi kikubwa zaidi katika kikombe. Akishindwa hatua yoyote, asipewe kitu kinywani, na mpira wa kulishia kupitia puani ufikiriwe mapema ili chakula, maji na dawa visikosekane.

Mambo mawili huleta makosa hapa. La kwanza ni kuamini kwamba mgonjwa anayetapishwa na kijiti kinapogusa nyuma ya koo lake basi anameza vizuri. Watu wengi wenye afya hawana mwitikio huo wa kutapika, na wapo wagonjwa walio nao ambao hata hivyo hupaliwa. Mwitikio huo hupima neva ya tisa na ya kumi kwa namna yake, lakini haupimi umezaji. La pili ni kudhani kwamba asiyekohoa yuko salama. Neva za hisia zikiharibika, chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa bila mgonjwa kukohoa hata kidogo, na dalili pekee ikawa homa na kupumua haraka siku ya pili au ya tatu. Watu wengi pia hushangaa kusikia kwamba maji na chai ni vigumu kuvidhibiti kuliko uji mzito. Kimiminika chepesi hukimbilia zoloto kabla halijafunga, ilhali kizito hutembea taratibu. Kwa baadhi ya wagonjwa uji mzito wa ulezi, kijiko kidogo kidogo, huku kidevu kikiinamishwa kifuani, huwa ndio mwanzo wa kurudi kwenye mlo wa kawaida, ingawa wapo ambao hata huo haufai, na uamuzi huo ni wa mtaalamu aliyempima. Kinywa kisafishwe kila siku hata kama mgonjwa hali chochote, kwa sababu mate machafu nayo huingia mapafuni.

Sauti ni mlango mwingine wa kuijua neva ya kumi. Nyuzi za sauti huendeshwa na tawi lake linaloshangaza kwa safari yake. Badala ya kutoka shingoni na kuingia moja kwa moja kwenye zoloto lililo jirani, tawi la kushoto hushuka hadi kifuani, huzunguka chini ya aota, mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo, kisha hupanda tena shingoni. La kulia nalo huzunguka mshipa wa damu unaokwenda mkononi, chini ya mfupa wa mtulinga. Sababu iko tumboni mwa mama: katika wiki za mwanzo moyo wa kiinitete huwa karibu na shingo, na unaposhuka kifuani mishipa yake huivuta neva pamoja nayo. Twiga tunaowaona Serengeti, mwendo mfupi tu mashariki ya Mwanza, wana neva hiyohiyo inayoshuka urefu wote wa shingo na kupanda tena, safari ya mita kadhaa kwa kazi ya umbali wa sentimita chache.

Kutokana na safari hiyo, sauti iliyokwaruza inaweza kuwa habari za kifuani. Saratani ya pafu la kushoto, matezi ya kifua kikuu, saratani ya umio ambayo katika Afrika Mashariki ni tatizo kubwa, na aota iliyovimba, vyote huweza kuibana neva hii. Mwaka 1897 Norbert Ortner wa Vienna alieleza wagonjwa waliopoteza sauti kwa sababu ya moyo: mlango wa moyo unaoitwa mitrali ulikuwa umebana, chumba cha juu cha kushoto kikapanuka, na neva ikabanwa. Ugonjwa huo wa milango ya moyo hutokana na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na koo la mtoto lililoambukizwa bakteria likaachwa bila dawa, na bado tunauona kwa vijana wetu. Kwa hiyo sauti inayokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, hasa kwa mvutaji sigara au mtu anayekonda, inahitaji koo lake liangaliwe na kifua kipigwe picha. Kunywa tangawizi na asali kwa miezi kunachelewesha tu.

Daktari wa upasuaji naye huiogopa neva hii anapotoa goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, kwa sababu hupita nyuma ya tezi ileile anayoikata. Ikiumia upande mmoja, sauti hufifia. Zikiumia zote mbili, nyuzi za sauti hubaki zimekaribiana katikati, mgonjwa huvuta pumzi kwa sauti ya mkoromo mkali, na huenda akahitaji kutobolewa koo mara moja ili apumue.

Baada ya shingo, neva ya kumi huendelea hadi moyoni, mapafuni, tumboni na kwenye sehemu kubwa ya utumbo. Takriban nne kwa tano ya nyuzi zake hupeleka habari kutoka kwenye viungo kwenda kwenye ubongo. Zinazoteremka hupunguza mapigo ya moyo na kuchochea tumbo. Mwaka 1921 Otto Loewi alisisimua neva hii kwenye moyo wa chura, akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo na kuyaweka kwenye moyo wa chura mwingine, nao ukapunguza kasi bila kuguswa neva yoyote. Hivyo ikathibitika kwamba neva huzungumza na viungo kwa kemikali, na kemikali hiyo ni asetilkolini. Loewi na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Jambo hilo lina maana hapa kwetu, katika mikoa ya pamba. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti huzuia asetilkolini isivunjwe, na mtu aliyevimeza au aliyevipulizia bila kinga huonyesha kazi za neva ya kumi na za wenzake zilizopita kiasi: mapigo ya moyo hupungua, mate na makamasi humtoka, kifua hujaa majimaji, tumbo humsokota na kuhara. Atropini, ambayo huizuia asetilkolini kwenye viungo hivyo, ndiyo dawa ya kuanza nayo haraka, pamoja na kumvua nguo zilizolowa na kumwosha ngozi.

Neva ya kumi na moja ina kazi nyepesi kueleza: huendesha msuli wa ubavuni mwa shingo unaogeuza kichwa kuelekea upande wa pili, na msuli mpana wa juu ya mgongo unaoinua bega. Mgonjwa huambiwa ainue mabega huku mpimaji akiyakandamiza, kisha ageuze kidevu dhidi ya kiganja. Uzito wake kitabibu uko kwenye jeraha linaloletwa na matibabu yenyewe. Nyuma ya msuli wa ubavuni mwa shingo neva hii hupita karibu sana na ngozi, mahali palepale ambapo mitoki ya kifua kikuu hupenda kuota. Kisu kikikata mtoki kwa pupa ili upelekwe maabara, neva hukatwa pamoja nao. Kidonda hupona vizuri, na wiki kadhaa baadaye mtu hulalamika kwamba bega limeshuka, linauma, na mkono haupandi juu ya usawa wa bega. Kwa mvuvi anayevuta nyavu, au kwa mama anayeinua ndoo ya dagaa hadi kichwani, huo ni mwisho wa kazi. Mtoki mwingi unaweza kuchunguzwa kwa kufyonzwa kwa sindano nyembamba, na majimaji hayo yakapimwa kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert, bila kukata. Ikibidi kukata, mkataji awe anaijua njia ya neva hiyo, na bega lipimwe kabla na baada.

Ya kumi na mbili huendesha takriban misuli yote ya ulimi. Mpimaji aanze kwa kuutazama ulimi ukiwa umetulia ndani ya kinywa, kwa sababu ulimi uliotolewa nje hutetemeka hata kwa mtu mzima wa afya. Ukionekana umesinyaa upande mmoja na una vijitetemo kama vya minyoo chini ya ngozi, neva yenyewe au chanzo chake kwenye medula kimeharibika. Ukitolewa nje huelekea upande mgonjwa. Wanafunzi huchanganya jambo hili na lile la kimeo, ila ukielewa misuli huhitaji kukariri: misuli ya kaakaa huvuta, hivyo upande mzima hushinda na kimeo huuendea, misuli ya ulimi husukuma mbele, hivyo upande mzima huusukumia ulimi upande mgonjwa. Mtu aliyezimia, misuli hiyo ikilegea, ulimi huangukia nyuma na kuziba hewa, na dawa yake ni kumlaza ubavu. Kijiko kinachosokomezwa kinywani mwa mwenye kifafa hakisaidii, kwa maana ulimi haumezwi. Kinachotokea ni meno kuvunjika.

Neva moja ikiugua peke yake, chanzo hutafutwa kwenye njia yake. Zikiugua kadhaa kwa pamoja, mpangilio wao huonyesha mahali. Sauti iliyofifia, koo lisilohisi na bega lililoshuka upande mmoja huelekeza kwenye tundu la jugula, ambako saratani ya nyuma ya pua au uvimbe mwingine unaweza kuwa umefika, na mgonjwa apelekwe kupigwa picha ya CT ya sakafu ya fuvu bila kuchelewa. Mtu mwenye kizunguzungu cha ghafla, kwikwi isiyokoma, sauti iliyokwaruza na shida ya kumeza, asiyehisi moto wala baridi upande mmoja wa uso na upande wa pili wa mwili, ana kiharusi cha ubavuni mwa medula, alichokieleza Adolf Wallenberg mwaka 1895. Mikono na miguu ya mgonjwa huyo huwa na nguvu na mdomo wake haujapinda, kwa hiyo ni rahisi kuambiwa ana malaria na kurudishwa nyumbani, huku hatari yake kubwa ikiwa mlo wa jioni ileile.

Zikilegea zote pande zote mbili bila ganzi yoyote, chanzo huenda kiko pale neva inapokutana na msuli, na picha ya CT haitaonyesha kitu. Ndivyo sumu ya koboko na ya baadhi ya aina za swila inavyofanya kazi. Kope hulegea kwanza, kisha maneno hukokoteka na mate huanza kudondoka kwa kuwa hayamezeki, na misuli ya kupumua hufuata. Mtu aliyeumwa na nyoka akaanza kudondosha mate asipewe maziwa wala dawa ya kunywa ya aina yoyote. Alazwe ubavu, mate yafyonzwe, na awahishwe kwenye hospitali yenye dawa ya kupambana na sumu na uwezo wa kumsaidia kupumua, na njiani awepo mtu wa kumpulizia hewa iwapo kifua chake kitasimama.